Kamera ya zamani ya nusu bamba na holda za kisasa za 4×5: dalili, chanzo na tiba

Kamera za mbao za Uingereza za saizi ya nusu bamba, mfano Thornton-Pickard ya Altrincham, Lancaster ya Birmingham au Sanderson, ziliundwa kupokea bamba za kioo za inchi 4¾ × 6½, yaani mm 121 × 165. Filamu ya ukubwa huo ipo, lakini Ilford huikata kwa oda maalumu inayofunguliwa mara moja kwa mwaka, na makasha ya zamani yaliyokuja na kamera mara nyingi yamepinda au yamepotea. Kwa hiyo wengi huchonga mgongo mpya, yaani sehemu ya nyuma ya kamera, unaopokea holda za inchi 4×5, makasha bapa ya filamu yenye kifuniko cha kuchomoa (Fidelity, Lisco, Toyo, Chamonix na nyinginezo), au hununua mgongo wa kamera mbovu ya Cambo au Toyo na kuufunga juu ya ubao wa plaiwudi. Kwa anayeanza, njia ya pili ni salama zaidi, kwa sababu vipimo vigumu vimeshafanywa kiwandani.

Njia yoyote utakayochagua, mgongo mpya uwe ubao unaoingia mahali pa fremu ya zamani na kutoka bila kuacha tundu la skrubu. Plaiwudi ikiharibika unakata nyingine. Mkangazi wa mwaka 1905 ukishapigwa patasi haurudi. Na kamera za robo bamba (mm 83 × 108) ziache kama zilivyo. Holda ya 4×5 ina upana wa karibu mm 120, na mgongo wake ukiufunga kwenye kikamera hicho unapata kitu kizito nyuma kisichotulia juu ya stendi.

Kipimo kinachotawala vyote

Kioo cha kulengea na filamu lazima vikae umbali uleule kutoka kwenye lenzi. Uso wa mgongo ambao holda inaukalia ndio huohuo unaokaliwa na fremu ya kioo pale holda inapokuwa haipo. Kwa hiyo unene wa ubao wako, uwe mm 9 au mm 18, hauathiri ulinganifu wa kioo na filamu hata kidogo. Kinachoathiri ni kina cha kila kimoja kutoka kwenye uso huo.

Kwa holda za 4×5 za kiwango cha Marekani, kina hadi sehemu ambayo filamu inalalia ni inchi 0.197, yaani mm 5.00, na kosa linaloruhusiwa ni mm 0.18 juu au chini. Filamu ya vipande kama HP5 Plus ina unene wa mm 0.18, hivyo uso wake unakuja kwenye mm 4.82. Upande uliosagwa wa kioo nao uwekwe mm 4.83 (inchi 0.190). Usihamishie namba hizi kwenye saizi nyingine: kwa 5×7 kina cha holda ni mm 5.79, na kwa 8×10 ni mm 6.60.

Utahitaji kalipa yenye fimbo ya kupimia kina, rula ya chuma iliyonyooka, lenzi ya kukuzia ya ×6 au ×8, na kipande kimoja cha filamu iliyoharibika cha kufanyia majaribio.

Dalili: ulicholenga si kikali, ila kitu cha mbele yake au nyuma yake kimetoka kikali

Hili ndilo tatizo kuu, na linaweza kujificha muda mrefu. Tukikubali duara la ukungu (nukta iliyofifia) la mm 0.1 kwenye filamu, lenzi ikiwa f/22 inakusamehe kosa la mm 2.2 kila upande, ikiwa f/5.6 inakusamehe mm 0.56 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Mtu anayepiga mandhari kwa f/22 hataona chochote. Siku akifungua lenzi kwa picha ya uso, macho aliyoyalenga yamefifia na masikio yanahesabika unywele kwa unywele.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, piga jaribio la futi kamba. Itandaze mezani ikielekea mbali na kamera, weka alama nyekundu mita 2 kutoka kwenye lenzi, fungua tundu la lenzi lote, lenga ile alama kwa lenzi ya kukuzia, kaza kila kitu, kisha piga. Kwenye negativu tafuta tarakimu iliyo kali zaidi.

Ikiwa kali zaidi ni iliyo karibu na kamera, filamu imekaa nyuma zaidi ya kioo, yaani kioo hakina kina cha kutosha. Ikiwa kali zaidi ni ya mbali, filamu iko mbele ya kioo, na kioo kimezama kupita kiasi. Kiasi cha kosa unaweza kukikadiria: toa urefu wa fokasi kwenye umbali, gawa jibu kwa urefu wa fokasi, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa lenzi ya mm 210 kwenye mita 2, (2000 − 210) ÷ 210 ni 8.5, na 8.5 × 8.5 ni karibu 73. Maana yake kila mm 1 ya kosa kule nyuma inasogeza ukali karibu mm 73 juu ya futi kamba. Ukiona umesogea sm 4, kosa lako ni kama mm 0.5.

Sasa pima yenyewe. Toa fremu ya kioo, laza rula ya chuma kwa ubavu juu ya nyuso zinazogusana na mgongo, teremsha fimbo ya kalipa hadi igusie upande uliosagwa, kisha toa upana wa rula. Rudia kwenye pembe nne na katikati. Fanya hivyohivyo kwa holda iliyo na filamu ya majaribio ndani, kifuniko chake kikiwa kimechomolewa. Usikandamize, filamu inabonyea chini ya fimbo na kukupa namba ya uongo. Pima holda zote ulizonazo. Ikiwa moja tu imetofautiana na wenzake kwa mm 0.3, tatizo ni holda hiyo. Iandike kwa tepu na uitenge, usirekebishe kamera kwa ajili yake.

Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni kioo kugeuzwa. Upande uliosagwa lazima uelekee kwenye lenzi. Kioo cha mm 2 kikigeuzwa kosa halifiki mm 2, kwa kuwa mwanga unapopita ndani ya kioo unapinda na kusogeza fokasi nyuma; linabaki kama mm 1.3, ambalo bado linatosha kuua picha ya f/8. Pitisha ukucha: upande uliosagwa unakwaruza.

Cha pili ni lenzi bapa ya Fresnel, ile karatasi ya plastiki yenye miduara inayong'arisha pembe. Ikiwekwa upande wa lenzi, mbele ya kioo, inasogeza fokasi kwa karibu theluthi moja ya unene wake. Plastiki ya mm 1.5 inaleta kosa la mm 0.5. Ihamishie nyuma ya kioo, upande wa jicho. Lakini ukiwa umenunua mgongo wa kamera ya Graphic wenye Fresnel ya kiwandani mbele ya kioo, usiiondoe wala kuihamisha, maana mgongo huo ulipimwa nayo ikiwa hapo.

Kama hayo mawili si chanzo, rekebisha kina. Kwenye mgongo wa kuchonga, kioo hukaa juu ya kidaraja kilichochongwa ndani ya fremu. Kuongeza kina ni rahisi, unaweka pakingi kati ya kidaraja na kioo. Kupunguza ni kazi: itakubidi kupiga msasa nyuso za fremu zinazogusana na mgongo. Kwa hiyo kidaraja kichongwe makusudi kiwe na kina cha mm 4.5, halafu ukiongeze kwa pakingi hadi mm 4.83. Pakingi nzuri kuliko zote ni vipande vya filamu ya zamani, kila kimoja mm 0.18, kwenye pembe nne. Karatasi ya kawaida ya printa, yenye unene wa mm 0.1, inafaa kwa kupimia tu. Pwani hasa, karatasi hunywa unyevu na kuvimba.

Ukilazimika kupiga msasa, gundisha karatasi ya namba 180 juu ya kipande cha kioo nene, laza fremu kifudifudi na uizungushe kwa namba nane, ukipima kila baada ya mizunguko kumi. Msasa ulioshikwa mkononi unakula pembe kuliko katikati na utakuletea dalili inayofuata.

Dalili: upande mmoja mkali, mwingine umefifia

Kwanza hakikisha mbele na nyuma ya kamera ziko sambamba. Kamera hizi zina egemeo la nyuma (linaloruhusu mgongo kuinama) linalolegea, na skrubu za shaba zilizolika hazikazi kama zamani. Pima kwa rula kutoka ubao wa lenzi hadi mgongo, juu na chini, kushoto na kulia.

Zikiwa sambamba na tatizo bado lipo, piga ukuta wa matofali mara mbili tundu la lenzi likiwa wazi kabisa: mgongo ukiwa wa mlalo, halafu ukiwa wa wima. Ufifio ukihama pamoja na mgongo, kasoro ni ya mgongo au holda. Ukibaki palepale, kwa mfano siku zote chini ya picha, kasoro ni ya kamera au ubao wa lenzi.

Kwenye mgongo wa kuchonga kuna kosa moja linalojirudia kuliko mengine. Holda za kisasa zina tuta dogo linalokatiza upana wake karibu na upande wa kuchomolea kifuniko, na tuta hilo huingia kwenye mfereji wa mgongo. Mfereji usipokuwa na kina cha kutosha, holda inasimama juu ya tuta badala ya kulala juu ya uso wake. Upande huo unanyanyuka kidogo, picha inafifia hapo, na mwanga unaingia hapohapo. Ukiona dalili hizo mbili upande mmoja wa negativu, usitafute kwingine. Chonga mfereji uwe na kina cha nusu milimita zaidi ya urefu wa tuta.

Ili kuthibitisha, kata vipande vyembamba vya karatasi, vibane kati ya holda na mgongo kuzunguka pande zote, halafu vivute kimoja kimoja. Kinachotoka bila kupinga kinakuonyesha palipo na pengo. Angalia pia vipele vya rangi, tone la gundi kavu au kichwa cha skrubu kilichojitokeza juu ya uso wa kukalia. Na uso huo usiubandike mahameli wala sponji kwa nia ya kuzuia mwanga: vinabonyea bila usawa, na holda haitakaa tena kwenye kina kilekile na kioo. Kitambaa kikae ndani ya mfereji, au kati ya ubao wako na kamera, ambako unene hauna madhara.

Dalili: katikati pamefifia na kingo ni kali

Filamu imevimba kuelekea kwenye lenzi. Chunguza kama ilipita chini ya reli zote mbili za holda, yaani kingo nyembamba zinazoishikilia filamu. Ikiwa imepanda juu ya reli moja, negativu itaonyesha ukingo mmoja usio na mstari mweupe. Kama ilipakiwa vizuri, basi imekunjika kwa kubadilika kwa hali ya hewa: holda iliyotoka kwenye chumba cha kiyoyozi ikiingia kwenye joto la nje, filamu hunyonya unyevu na kutanuka. Chomoa kifuniko, subiri dakika moja, ndipo ufyatue. Kamera ikiwa imeelekezwa chini, gonga holda kwa kidole mara moja kabla ya kusubiri.

Dalili: madoa na mistari ya mwanga

Usianze kubandika tepu nyeusi kila mahali. Negativu inaeleza mwanga ulipita wapi ukijua kuisoma.

Angalia kwanza ule ukingo mwembamba uliofunikwa na reli za holda. Ukiwa mweupe wakati sehemu ya picha imeungua, mwanga uliingia kutoka upande wa kamera, kifuniko kikiwa nje. Ukiwa umeungua nao, filamu ilipata mwanga nje ya holda: wakati wa kupakia, ndani ya boksi, au kwenye chumba cha giza. Katika hali hiyo ya pili, mgongo wako hauna kosa.

Kisha geuza fikra. Picha hukaa kichwa chini ndani ya kamera, kwa hiyo doa lililo chini ya picha iliyosimama vizuri limetoka juu ya mgongo, na la kushoto limetoka kulia kwako ukiwa umesimama nyuma ya kamera.

Mstari mkali unaoanzia upande wa kifuniko unatokana na vitambaa vya mdomo wa holda vilivyochakaa, au holda kunyanyuka wakati wa kuchomoa kifuniko. Wingu la duara lisilo na kingo ni tundu kwenye mvukuto (mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na mgongo), mara nyingi kwenye pembe za mikunjo. Picha nzima iliyopauka bila doa la wazi huwa ni mng'ao: mbao nyeupe za ubao wako mpya zinarudisha mwanga ndani. Paka rangi nyeusi ya ubao wa shule, nyuso zote za ndani na kingo za uwazi, mikono miwili. Rangi ya mafuta inayong'aa haifai hata ikiwa nyeusi.

Kutenganisha holda na kamera, tumia vipande vitatu vya filamu. Cha kwanza kibaki ndani ya holda iliyofungwa, juani dakika 5, bila kamera. Cha pili kiwe ndani ya kamera, lenzi ikiwa imefunikwa na kifuniko cha holda kimechomolewa, juani dakika 5, ukizungusha kamera ili kila upande upate jua. Cha tatu fanya kama cha pili, ila ukiwa umefunika mvukuto wote kwa kitambaa kizito cheusi na kuacha mgongo wazi. Safisha vyote pamoja. Karatasi ya picha iliyokatwa mm 100 × 125 ni rahisi zaidi kwa jaribio hili na inapakiwa chini ya taa nyekundu, lakini haioni mwanga mwekundu na wepesi wake wa kupokea mwanga ni mdogo, hivyo iache juani dakika 20. Ikibaki nyeupe, malizia kwa kipande kimoja cha filamu halisi.

Matundu ya mvukuto yatafute usiku kwa tochi ndogo ndani yake, macho yakishazoea giza kwa dakika 10. Tundu dogo lizibe kwa rangi nyeusi ya kitambaa iliyochanganywa na gundi ya PVA, tabaka jembamba, mvukuto ukiwa umenyooshwa hadi ikauke.

Dalili: holda haiingii, au inaingia lakini haijifungi

Angalia kwanza aina. Kamera za refleksi za Graflex, kutoka Rochester, Marekani, nyingi zilikuwa na mgongo wa mpangilio wa kinyume: tuta liko kwenye kamera na mfereji uko kwenye holda. Holda za Graflex zinafanana na za kawaida ukiziona mtandaoni, na muuzaji huandika 4×5 bila kusema zaidi. Hazikai kwenye mgongo wa kawaida, wala za kawaida hazikai kwenye mgongo wa Graflex. Omba picha ya upande wa mbele wa holda kabla ya kulipa.

Aina ikiwa sahihi, basi njia ni nyembamba au springi ni ngumu. Acha nafasi ya nusu milimita kila upande juu ya upana wa holda yako pana zaidi, na mbao uikate ikiwa imekauka vizuri. Njia iliyobana wakati wa kiangazi itakataa holda masika.

Springi zilizolegea ni mbaya kuliko ngumu, kwani holda inavutwa pamoja na kifuniko bila wewe kuona. Funga holda, geuza kamera mgongo ukitazama chini, itikise kidogo. Holda ikisogea, badilisha springi. Majani ya fila geji (vipande vya chuma vya kupimia mapengo) ya mm 0.5 kutoka duka la spea yanafanya kazi vizuri, mawili kila upande. Hata hivyo shika mgongo kwa mkono wa kushoto kila unapochomoa kifuniko.

Dalili: pembe zimekatika

Giza lenye ukingo mkali ni kizuizi. Giza linaloingia taratibu ni lenzi isiyotosha. Uwazi wa ubao uwe karibu mm 97 × 122, na ukiwa umetumia ubao mnene, kingo zake zikatwe mshazari wa nyuzi 45 upande wa lenzi. Kizuizi kikiwa chini ya picha, tazama sehemu ya juu ya mvukuto: umelegea na kuning'inia njiani. Uinue kwa kitanzi cha kamba.

Dalili: vitu vya mbali havifikii ukali

Ubao na mgongo vimesogeza filamu nyuma, mara nyingi kati ya mm 20 na 30. Kwa lenzi ya mm 210 unarudisha mbele ya kamera kiasi hichohicho, basi. Alama za zamani za umbali kwenye reli za kulengea za kamera zisahau. Kwa lenzi ya mm 90 mvukuto hauwezi kubanwa kiasi hicho, na dawa ni ubao wa lenzi uliozama ndani.

Dalili: negativu nyeusi au nyepesi mno, kila mara kwa kiasi kilekile

Mgongo hauhusiki. Lenzi nyingi za enzi hizo zina namba za mfumo wa zamani wa US (Uniform System, si Marekani): 4 ni f/8, 8 ni f/11, 16 ni f/16, 32 ni f/22 na 64 ni f/32. Ukisoma 4 kama f/4, filamu inapata robo ya mwanga unaotakiwa. Ukisoma 64 kama f/64, inapata mara nne.